Tuwaambie Watoto Kabla Maabara Haijawaambia

Wasomaji wetu walioko Fort Worth bila shaka wanaikumbuka habari ya Melissa Highsmith. Agosti 1971 mama yake alitangaza gazetini kwamba anatafuta yaya. Akaja mwanamke, akakabidhiwa mtoto wa miezi 21, akatokomea naye. Familia ikatafuta kwa miaka 51, na juu ya msiba huo mama mtu akabeba tuhuma kwamba yeye ndiye aliyemuua mwanawe. Mwaka 2022 baba yake alipima DNA kwa kampuni ya 23andMe, na majibu yakamwonyesha wajukuu asiowajua. Mama wa wajukuu hao alikuwa Melissa, akitumia jina jingine, na sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa ameishi Fort Worth hiyo hiyo. Alipoandikiwa mara ya kwanza alidhani ni matapeli.

Mwaka huo huo, mwezi Juni, alipatikana Oklahoma Holly Clouse, mama wa watoto watano mwenye umri wa miaka 42. Wazazi wake walikutwa wameuawa porini Houston Januari 1981, na ilichukua miaka 40 hadi miili yao ikapewa majina kwa njia ya vinasaba.

Mtasema hayo ni mambo ya Wamarekani. Sisi tunasema yameshaingia sebuleni mwetu. Kichupa cha kutemea mate kinauzwa dukani, kinatolewa zawadi ya Krismasi, na moja ya kampuni za mwanzo za biashara hii, FamilyTreeDNA, ilianzishwa Houston mwaka 2000. Kijana wetu aliyezaliwa Irving au Houston anatema mate kwa kutaka kujua tu kama asili yake ni Mmakonde au Mluo (jambo ambalo vipimo hivi havilijui vizuri, maana Waafrika waliopima ni wachache). Baada ya wiki chache anaona jina la mtu aliye Leicester au Minnesota, nao wanashirikiana robo ya vinasaba. Usiku huo huo anampigia mama yake simu.

Robo hiyo ndiyo yenye kazi. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushirikiana takriban nusu, na wa mzazi mmoja takriban robo. Lakini robo hiyo hiyo anaweza kuwa shangazi, mjomba au hata babu. Mashine inatoa hesabu, haitoi kisa. Kisa anacho mama, au shangazi mmoja mzee aliyebaki Tanga, na kwetu sisi huyo ndiye anayeambiwa anyamaze ili "asivunje nyumba za watu".

Nasi tuna historia yetu na kipimo hiki. Mwaka 2008 serikali ya Marekani iliwapima kwa majaribio wakimbizi walioko Nairobi na miji mingine ya Afrika, waliokuwa wakisubiri kuungana na jamaa zao chini ya mpango ulioitwa P-3. Familia ambazo undugu wote uliodaiwa ulithibitika hazikufika asilimia 20. Mpango ukasimamishwa, ukarudi Oktoba 2012 na sharti la DNA kati ya mzazi na mtoto. Udanganyifu ulikuwapo, hatukatai. Nafasi ziliuzwa, na wengine hawakutokea kupimwa. Lakini ndani ya hesabu hiyo walikuwamo pia watoto wa marehemu dada, walionyonyeshwa na kulelewa kama wa kuzaa, wasiojua jina jingine la mama. Fomu inauliza mtoto wa kuzaa. Kiswahili chetu kinamwita mtoto wa baba mdogo ndugu, na mama mkubwa ni mama. Waliojaza fomu hizo walijaza kwa lugha yao, na mtoto akaja kuujua ukweli kwa afisa wa ubalozi badala ya kuambiwa na aliyemlea. Tunasema wazi: huo ulikuwa ukatili, na sehemu yake ni yetu tuliokaa kimya.

Kipimo hicho hicho kimewatendea haki wengine. Huko Nanyuki, Kenya, watu waliozaliwa na askari wa Kiingereza na kukua wakizomewa kwa rangi yao wamepimwa miaka ya karibuni, vinasaba vyao vikalinganishwa na vya watu waliopima Uingereza kwa kampuni za biashara, na mahakama ya London imeshawathibitisha baadhi ya baba hao.

Je, ndugu akishapatikana? Hapa ndipo tunapoharibu. Aliyeko nyumbani akisikia ana kaka Dallas, simu ya pili inakuwa ya ada ya shule. Aliyeko Dallas, mbeba maboksi wa zamu mbili, akisikia lafudhi ya kwao anadhani ni tapeli au mwombaji, anazuia namba. Wote wawili wamepoteza. Sisi tunashauri barua fupi kwanza, bila picha thelathini, bila kudai kuitwa kaka. Mtajie jina lako, ulikozaliwa na kile majibu yanachoonyesha, kisha subiri, hata miezi sita. Huyo mwenzio huenda ndiyo kwanza anaambiwa kwamba baba aliyemzika si baba yake. Na fedha zisitajwe mwaka wa kwanza, kwa pande zote mbili.

Wapo wanaosema dawa ni kuwakataza vijana wasipime. Wanayo hoja: mwaka 2019 ilijulikana kwamba FamilyTreeDNA iliwaruhusu FBI kupekua hifadhi yake, na 23andMe yenyewe iliomba kinga ya kufilisika Machi 2025. Lakini huwezi kumzuia binamu yake wa Toronto asipime, na akipima huyo mmoja, siri ya ukoo mzima imetoka.

Kuna pia jambo linalosemwa kwa sauti ya chini. Jumuiya zetu za Texas ni ndogo. Tunakutana arusi zile zile, misikiti na makanisa yale yale. Vijana wawili wa baba mmoja wanaweza kupendana pale bila kujua. Baba anajua. Anakaa meza ya mbele, anawatazama wanavyocheza, na bado anasubiri siku nzuri ya kusema.