Dimbwi kavu si dimbwi tupu

Jamani, tuambizane ukweli. Tunajaza matangi ya sebuleni samaki wa dhahabu wenye asili ya China, halafu tunajiita wapenda samaki! Wakati huo kilifishi wa Unguja, Nothobranchius guentheri, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1893, anazalishwa vyumbani huko Ulaya. Hakuna uchawi: mayai huhifadhiwa miezi kadhaa kwenye mboji yenye unyevu kidogo, kisha hutiwa maji, na mara nyingi vifaranga hutoka siku hiyohiyo. Dimbwi la mvua hufanya kazi hiyo bure. Sisi kiangazi tukiliona limekauka, tunasema kiwanja kitupu, tunamwaga kifusi. Mayai yamo humo, wandugu! Tunazika kizazi kizima. Mwenye tangi aanze na samaki wa kwao.