Barua za Nyumbani: Sauti ya Bibi na Chombo cha Kuikuza



Mwezi huu imetufikia barua ya kijana mmoja, ambaye jina lake twalisitiri, yenye suali ambalo kwa dhahiri ni la vyombo na fedha, lakini ndani yake mna jambo kubwa kuliko fedha. Aeleza kwamba bibi yake, mzaa baba, amesomesha Qur'ani nyumbani kwa miaka mingi, na wanawake wa mtaa mzima wamepita mkekani kwake. Sasa umri umemlemea, pumzi zimepungua, na sauti yake kila mwezi yazidi kuwa nyembamba. Kijana ataka kuinasa sauti hiyo kabla haijazimika. Amejiwekea akiba kwa mwaka mzima, na amekusudia kununua maikrofoni ya Shure SM7B pamoja na priampu ya bei kubwa sana, yaani kile chombo cha kwanza kinachoikuza sauti itokapo katika maikrofoni. Baba yake amekataa. Asema hiyo ni israfu, na kwamba simu ya mkononi yatosha. Basi kijana atuuliza: ni nani kati yao mwenye haki?

Jawabu letu ni kwamba kila mmoja wao ameshika nusu ya haki, na nusu hizo zikikutanishwa, kazi itafanyika na akiba itabaki.

Kwanza yapasa tufahamu kazi ya chombo chenyewe. Maikrofoni hutoa umeme mdogo mno. Hiyo SM7B, ikipigwa na sauti ya desibeli 94, ambayo ni sauti ya nguvu, hutoa kadiri ya milivolti moja tu. Mzee asomaye kwa upole, maikrofoni ikiwa karibu shibiri moja na kinywa chake, huenda asifike ila desibeli 74, na hapo umeme huo hushuka ukawa sehemu moja katika kumi ya milivolti moja. Hauwezi kunaswa hivyo ulivyo. Sharti ukuzwe, na kwa maikrofoni hii watengenezaji wenyewe washauri ukuzaji usiopungua desibeli 60, yaani kuzidisha mara 1,000. Kazi hiyo ndiyo ya priampu.

Lakini kila chombo kikuzacho huongeza na mvumo wake mwenyewe, ule mchirizi mwembamba unaosikika kama mvua ya mbali. Hapa ndipo penye khofu ya kijana wetu, na khofu yake si upuuzi. Aliyesoma tajwidi ajua kwamba ziko herufi kumi za hams, nazo ni fa, hha, tha, ha, shin, kha, saad, sin, kaf na ta, ambazo hutoka pamoja na mtiririko wa pumzi. Pumzi hiyo, kwa sikio la chombo, yafanana sana na mvumo. Basi mvumo ukizidi, herufi hizi ndizo za kwanza kufunikwa, na mjukuu atakayesikiliza baadaye hatapambanua vizuri sin na saad za bibi yake. Na kwa sababu hiyo hiyo simu peke yake haitoshi sana. Simu nyingi zimeundwa kwa mazungumzo, hivyo hupandisha na kushusha sauti zenyewe, na hupunguza kila kidhaniwacho kuwa makelele. Na katika kupunguza huko mara nyingine hukata ncha za herufi hizo hizo. Katika hili, kijana ameshinda.

Tuje sasa katika upande wa baba. Mafundi huupima mvumo wa priampu kwa kipimo kiitwacho EIN, nacho huandikwa kwa hesabu ya kutoa: kadiri hesabu inavyozidi kwenda chini ya sifuri, ndivyo chombo kilivyo kitulivu zaidi. Chombo dhaifu huweza kuwa -120, na kilicho kizuri huwa -127 au -128. Je, chaweza kupatikana cha -140? La. Joto la kawaida lililomo ndani ya waya wenyewe hutikisa umeme, na kwa maikrofoni ya kawaida mtikisiko huo peke yake ni karibu -131. Huo ndio ukuta ambao fedha hazivuki. Kwa hiyo chombo cha bei ya kawaida chenye -128 kimekwisha kuukaribia ukuta, na kile cha bei mara kumi yake kimebakiwa na desibeli mbili tatu za kushindania.

Na tuzifasiri hesabu hizi kwa lugha ya chumba. Ukiifunga SM7B katika priampu ya -128, mvumo wa priampu ni sawa na sauti ya desibeli 23 hivi mbele ya maikrofoni. Ukiifunga katika ya -120, mvumo huwa kadiri ya desibeli 31. Ukiifunga katika ya -130, ile ya ghali, huwa 21. Basi chumba kilicho kitulivu usiku chenyewe kina desibeli kama 30, na pangaboi likizunguka chaweza kufika 45 au zaidi. Tazama, ewe kijana: kuliacha lile dhaifu la -120 kuna faida, kwani mvumo wake wasimama bega kwa bega na utulivu wa usiku. Lakini kulipa akiba ya mwaka ili kutoka 23 mpaka 21, ilhali pangaboi lapiga 45 juu ya kichwa cha bibi, ni sawa na mtu anayenunua kufuli la dhahabu na dirisha lake li wazi. Katika hili, baba ameshinda.

Iko na njia nyingine, nayo ni maikrofoni za kondensa. Hizi zahitaji umeme wa volti 48 utokao katika priampu yenyewe kwa kupitia waya ule ule, na visanduku vingi vya leo vina kitufe chake. Umeme wazitoazo ni mwingi zaidi. Rode NT1, kwa mfano, hutoa kadiri ya milivolti 35 pale ambapo SM7B hutoa moja. Kwa maikrofoni ya namna hii, mvumo wa priampu yoyote njema hauonekani kabisa, na kuichagulia priampu ya ghali kwa ajili ya utulivu hakuna maana. Ndiyo kusema, priampu haichaguliwi peke yake. Huchaguliwa pamoja na maikrofoni itakayofungwa humo, na pamoja na chumba itakamokaa.

Basi vya kutazama dukani ni vinne. La kwanza, EIN iwe -127 au bora kuliko hivyo. La pili, ukuzaji uwe desibeli 60 au zaidi ikiwa maikrofoni ni ya dainamiki kama SM7B; kwa kondensa hata 50 zatosha. La tatu, kiwepo kitufe cha volti 48. La nne, tundu la waya liwe la XLR la pini tatu, kwani waya huo hubeba sauti kwa njia mbili zinazopingana, na makelele yanayouingia njiani hufutana. Kwa mfano tu, wala si kwa kutangaza biashara ya mtu, Focusrite Scarlett 2i2 ya toleo la nne, iliyotoka mwaka 2023, ina EIN ya -127 na ukuzaji wa desibeli 69, na ndani yake pia kimo chombo cha kugeuza sauti iingie katika kompyuta. Viko vya watengenezaji wengine vyenye sifa kama hizo. Mwenye kisanduku cha zamani kisichofika 60 asikitupe: viko vikuza vidogo vya kutiwa katikati ya waya, kama Cloudlifter CL-1, ambacho huongeza desibeli 25 kwa kutumia zile volti 48.

Kabla ya kununua chochote, mfanye jaribio hili, baba na mwana pamoja. Azimeni maikrofoni na kisanduku, hata kile cha msikitini kwa ruhusa ya wenyewe. Zimeni pangaboi na jokofu, fungeni madirisha, panueni ukuzaji mpaka pale sauti ya Bibi inapofaa, kisha naseni kimya cha dakika moja. Halafu, bila kugusa kitu kingine, itieni maikrofoni ndani ya kabati lenye nguo na mablanketi, mnase dakika nyingine. Sikilizeni zote mbili kwa vidude vya masikioni. Mvumo ukipungua kabatini, ujue ulikuwa wa chumba, na dawa yake ni pazia nzito, mkeka, na saa ya usiku baada ya Isha. Ukibaki vile vile, ujue ni wa chombo, na hapo ndipo fedha zina haki ya kutoka mfukoni.

Na ujue kwamba ukuzaji bora wa yote hauuzwi. Umbali wa maikrofoni ukipunguzwa nusu, sauti ya msomaji huongezeka desibeli 6 hivi, na chumba hakiongezeki. Mtu aliyeiweka maikrofoni mbali kwa sentimita 40, akiisogeza mpaka 20, amepata bure mara mbili tatu ya kile ambacho duka lingemuuzia kwa akiba ya mwaka. Lakini asiipachike mdomoni. Sentimita 15 mpaka 20 zatosha, nayo ikae upande kidogo, isielekee pumzi moja kwa moja, kwani herufi ba itapiga kishindo. Vilele vya sauti visipite -12 katika kipimo cha kompyuta, ili Bibi akipaza sauti isipasuke. Kwa kunasa kwa biti 24 hakuna khasara kuacha nafasi hiyo. Saa moja ya sauti ya namna hiyo, njia moja, kwa 48,000 kila sekunde, hula kadiri ya megabaiti 518. Wekeni nakala mbili katika mahali mbalimbali.

Ndugu zetu, kuinasa Qur'ani si bidaa ya vijana wa leo. Huko Misri, katika mwaka 1961, ulitolewa msahafu mzima uliosomwa kwa tartili na kunaswa, kwa sauti ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, na mwaka 1964 Cairo ikaanzisha idhaa ya radio iliyo khasa kwa Qur'ani. Vyombo vya siku zile vilikuwa na mvumo kuliko kisanduku cha leo kiingiacho mkobani, na mpaka hivi leo watu wanajifunza kwa sauti ile. Kilichoibakiza ni usomaji uliotengenea na kazi iliyofanywa barabara, kila mmoja kwa kadiri ya alichonacho. Hata hivyo, sauti iliyonaswa haikai mahali pa mwalimu. Qur'ani hupokewa kinywa kwa kinywa, na mwanafunzi husahihishwa na aliye mbele yake. Basi kijana asije akakaa nyuma ya vyombo vyake kila usiku akasahau kukaa mbele ya Bibi akasoma yeye, akasahihishwa.

Na adabu mbili zisisahauliwe. Ya kwanza ni idhini. Bibi aombwe ruhusa kwa upole, na aulizwe: sauti yake ibaki ndani ya nyumba, au wanafunzi wake wapewe, au itoke nje? Akisema ibaki ndani, ni amana, wala haifai kupelekwa kwa watu kwa sababu tu mjukuu ameipenda. Ya pili ni israfu, ambayo Mwenyezi Mungu ameikataza katika Sura ya Al-A'raf hata katika chakula na kinywaji vilivyo halali. Israfu yaweza kuingia hata katika jambo la kheri, pale ambapo mtu hununua ili aonekane fundi mbele ya wenzake. Lakini baba naye akumbuke kwamba kukataa matumizi yenye haja ni ubakhili, na njia ya katikati ndiyo yetu.

Nitamaliza kwa jambo linalonihusu mimi mwenyewe, nalo si la kujisifu. Nalikuwa na mwalimu wangu wa hadithi, mzee aliyekuwa akitufasiria baada ya Alasiri. Nikasema nitainasa sauti yake, lakini nangoje kwanza nipate chombo kizuri. Nikangoja mwezi huu, nikangoja mwezi ule, nikilinganisha bei na sifa za vyombo. Chombo kilipofika, matanga ya mwalimu yalikuwa yamekwisha kuanuliwa. Kipo kabatini hadi leo, kitulivu sana.

Kwa hiyo, ewe kijana, usiku wa leo baada ya Isha zima pangaboi, kaa na baba yako, umwombe Bibi idhini, na muinase sauti yake kwa hiyo simu iliyopo. Kesho fanyeni lile jaribio la kabati. Kisha mnunue kisanduku cha kadiri, na ziada ya akiba mshauriane, pengine Bibi mwenyewe ana haja ya dawa au ya godoro jema. Na mkisha kupata chombo, rudieni kunasa tangu mwanzo ikiwa Mwenyezi Mungu ampa umri na pumzi. Asipompa, angalau hamtakuwa na mikono mitupu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu ampe Bibi huyu afya na mwisho mwema, na awape wajukuu wetu masikio ya kusikia na nyoyo za kuhifadhi. Amin. Wabillahi tawfiq.