Shilingi Inayorudishwa

Bunge la Tanzania lina desturi moja ambayo mgeni wa Dodoma huistaajabia, na mwenyeji huitazama kama mchezo wa kila mwaka. Wizara inapoomba fedha zake, na Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika husimama akatangaza kuwa anashika shilingi. Maana yake ni kwamba anataka mshahara wa Waziri upunguzwe kwa shilingi moja, ili jambo lililomkera lipate kujadiliwa. Waziri hueleza, huahidi, pengine husihi. Wabunge wengine humnasihi mwenzao awe muungwana. Mwishowe mbunge hushukuru, husema amerudisha shilingi, na fungu hupita zima kama lilivyoletwa.

Lugha yenyewe imekwisha kutoa hukumu. Kiswahili hakikusema kwamba mbunge ametwaa shilingi, wala kwamba ameikata, kimesema ameishika. Kitu kilichoshikwa bila ya kutwaliwa ni amana, na amana haina budi kurudi kwa mwenyewe.

Walakini desturi hii haikuzaliwa kuwa mzaha. Asili yake ni Bunge la Uingereza, ambako kipunguzo kidogo kiliwahi kuiangusha serikali. Mnamo Juni 1895 ilitolewa hoja ya kupunguza paundi 100 katika mshahara wa Waziri wa Vita, Campbell-Bannerman, kwa madai kuwa akiba ya baruti ya jeshi haikutosha. Hoja ilishinda kwa kura 7 tu, na serikali ya Rosebery ikajiuzulu. Hapana mtu aliyejali paundi zile. Kilichojaliwa ni kwamba wale waliozishika hawakuzirudisha.

Hapo ndipo penye aibu ya mambo ya Dodoma. Ibara ya 99 ya Katiba ya mwaka 1977 humzuia mbunge kuongeza kodi au matumizi kwa hiari yake, isipokuwa jambo hilo liwe limependekezwa na Rais na kuletwa na Waziri. Kupunguza hakukuzuiwa. Basi katika mali ya umma mbunge amepewa kisu, hakupewa upawa. Lakini msikilizaji wa mijadala ya bajeti husikia nini? Husikia maombi ya nyongeza: kisima huku, kituo cha afya kule, lami ya kilomita chache kuelekea makao ya wilaya. Mbunge huomba kile asichokuwa na uwezo wa kukitoa, na kile alichokuwa na uwezo nacho hukiacha mezani. Tena huomba baada ya kutamka kwamba anaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Hata mtoto aliyetumwa sokoni kununua dagaa hajui kupatana bei namna hiyo, akatoa fedha kwanza, akaisifu bidhaa, kisha ndipo akauliza kama bei inapungua.

Wenye kuwatetea wabunge wana hoja, na si hoja ya kudharauliwa. Husema kuwa mpiga kura wa kijijini hali hesabu za taifa. Hula mahindi yanayofika sokoni kwa barabara inayopitika, na mbunge asiyeleta barabara hatarudi. Ni kweli. Lakini ukweli huo una gharama yake, na mwaka 2021 gharama hiyo ilionekana. Kila jimbo liliahidiwa shilingi milioni 500 za barabara, na wabunge wakashukuru. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha tozo ya miamala ya simu, iliyofika shilingi 10,000 kwa muamala mkubwa, na shilingi 100 zaidi kwa kila lita ya mafuta. Tozo ilipoanza mwezi Julai kilio kilienea nchi nzima. Mwezi Septemba ilipunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikapunguzwa tena. Kupatana bei, ambayo ni kazi ya Bunge, kulifanywa na mama lishe na wakala wa simu barabarani, baada ya sheria kwisha kutiwa sahihi. Waliotumwa sokoni walikuwa wamerudi na nyongeza mkononi, wakasahau kuuliza bei.

Kenya ilikwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2003 sheria ilitenga fungu la majimbo lisilopungua asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali, na wabunge wakawa na mkono katika matumizi yake. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilitamka kuwa sheria ya mfuko huo ya mwaka 2013 ilikiuka Katiba. Tanzania iliwahi kuiga kwa mfuko wake wa jimbo wa mwaka 2009, ulio mdogo. Mlinzi wa ghala akipewa debe lake hana tena haja ya kuhesabu magunia.

Yasisemwe kuwa Bunge haliwezi. Mnamo Julai 2011, nchi ikiwa katika mgao wa umeme, wabunge waligoma kuipitisha bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, hata Waziri Mkuu Pinda akaomba muda wa wiki tatu. Agosti bajeti ilirudi ikiwa na mpango wa dharura wa umeme. Katika mjadala huohuo ilisomwa barua iliyozitaka taasisi za wizara kuchanga fedha za kufanikisha uwasilishaji wa bajeti, na kamati teule ikaundwa. Kukataa kwa siku chache kulifichua mambo ambayo shilingi nyingi zilizorudishwa hazikuyafichua.

Husemwa pia kuwa wabunge huogopa ibara ya 90, inayomruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti. Wanaoitaja ibara hiyo husahau kuisoma ya 38, ambayo kwayo Bunge likivunjwa kiti cha Rais nacho huwa wazi, na uchaguzi wake hufanywa. Upanga huo humkata pia aushikaye, na hadi leo hapana Rais aliyeuchomoa alani kwa ajili ya bajeti. Bunge limeuogopa kwa miaka yote hiyo bila ya kujaribu hata mara moja kumwuliza mwenye upanga kama yeye haogopi.