Vumbi Lisitupofushe

Wengi wetu tumelelewa katika kuamini kwamba hakuna maji safi kupita maji ya mvua. Imani hiyo ina msingi, lakini haitoshi. Tone la mvua halishuki peke yake. Huchukua moshi na vumbi linalokutana nalo njiani, likafika chini likiwa shahidi wa yale yaliyomo angani.

Kwa asili yake mvua huwa na tindikali kidogo. Hewa ya kaboni iyeyukapo ndani ya matone, kipimo cha tindikali kiitwacho pH hushuka hadi karibu 5.6, ilhali maji yasiyoelemea upande wowote huwa na 7. Moshi wa makaa ya mawe na wa mafuta huzidisha tindikali hiyo, hata mvua ikadhuru misitu, samaki wa maziwani na majengo. Ndiyo sababu mataifa ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini yalitia sahihi mkataba huko Geneva mwaka 1979, ili kupambana na uchafu wa hewa unaovuka mipaka.

Katika nchi kavu mambo ni tofauti. Upepo huinua vumbi lenye chokaa, na chokaa hiyo hupunguza tindikali ya mvua, kama vile mkulima anavyotia chokaa shambani kupunguza uchachu wa udongo. Huko Banizoumbou, nchini Niger, watafiti wamekuta mvua yenye pH ya karibu 6, ilhali katika misitu ya Zoétélé, kusini mwa Kamerun, ni karibu 5.

Asiyechunguza atasema kwamba mvua ya nchi kavu ni salama, basi yamekwisha. La hasha! Katika miaka ya 1980, mvua ya Beijing, kaskazini mwa China, ilikuwa na tindikali ndogo kuliko ile ya Chongqing na Guiyang, kusini magharibi, ingawa kaskazini nako makaa ya mawe yalichomwa kwa wingi. Salfa ya moshi ilikuwamo mvuani. Vumbi lilikuwa limeondoa ukali wake tu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hapa ndipo lilipo funzo kwa kila nchi kavu inayojenga viwanda. Haifai kupima tindikali pekee kisha tukajipongeza. Hapana budi zipimwe pia salfeti, naitreti na kalisi zilizomo mvuani, pamoja na vumbi lenyewe. Wala vumbi tusilifanye mlinzi wetu. Vumbi hudhuru mapafu, na sehemu yake ni udongo wa mashamba yaliyoachwa wazi bila mimea. Tena, vumbi likipunguzwa huku moshi ukiachwa, tindikali iliyofichika hujitokeza. Kwa hiyo ni wajibu kuhifadhi ardhi na kudhibiti moshi kwa pamoja.

Nasi wa mikoa mikavu kama Dodoma na Singida, tukingao maji kwa mabati, tusingoje wataalamu kwa lile tuliwezalo. Manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi huosha anga na paa pia. Tuyaache yapite kwanza, ndipo tuelekeze mfereji tangini. Mvua ni neema, na neema hutunzwa kwa maarifa.