Mazungumzo ya Nyumbani: Safari ya Siku Moja Kwenda Kalambo

Mwezi uliopita mwalimu mmoja alitujia nyumbani jioni, akaketi, akanywa uji wa ulezi kimya kimya, kisha akauliza: "Katekista, mwaka huu watoto twawapeleka Kalambo, ama hatuwapeleki?" Hatukumjibu upesi. Wengi wenu mwajua sababu, na wasiojua tutawaambia papa hapa, maana si vema kuwafundisha wengine namna ya kupanga safari huku tukiificha ile tuliyoipanga vibaya sisi wenyewe.

Kwanza tuseme habari ya mahali penyewe. Mto Kalambo ndio mpaka kati ya nchi yetu na Zambia. Watiririka kwa upole juu ya uwanda wetu wa Ufipa, hata mtu aweza kudhani ni mto kama mito mingine. Kisha ardhi yakatika ghafula, na maji yote yaanguka kwa mruko mmoja, mita zaidi ya 200, bila kugusa ngazi ya mwamba katikati. Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, ambayo watoto huyasoma sana vitabuni, urefu wake ni mita 108 tu. Yale ni mapana mno na maji yake ni mengi mno, lakini kwa urefu yetu yawashinda mara mbili. Toka pale mto wapita katika bonde jembamba lenye kuta ndefu, ukaingia Ziwa Tanganyika. Upande wetu msitu huo ni hifadhi ya mazingira asilia, nao watunzwa na Wakala wa Huduma za Misitu.

Watoto wetu waweza kukutajia simba wa Serengeti na theluji ya Kilimanjaro, lakini ukiwauliza uwanda wao unaishia wapi, na maji ya mvua ya Sumbawanga yaenda wapi, watazamana. Wageni wavuka bahari kuja kuona kitu kilicho mlangoni petu. Basi twaona yafaa mtoto akione kabla hajaondoka kwenda kutafuta kazi mjini.

Tena pana jambo jingine la kuwaeleza walimu. Mwaka 1953 mtaalamu Desmond Clark alianza kuchimba kando ya mto huo, upande wa juu wa maporomoko, katika ardhi ya Zambia. Aliona zana za mawe na vipande vya miti ya zamani mno. Mwaka 2019 wenzake wengine, wakiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool, walirudi wakachimba tena, na mwaka 2023 wakatangaza waliyoyaona: magogo mawili, moja limelazwa juu ya jingine na kushikamana nalo kwa pengo lililochongwa kwa makusudi, nayo yana umri usiopungua miaka 476,000. Walijuaje? Walipima chembe za mchanga uliofunika magogo hayo, wakatambua ni lini mchanga ule uliangaziwa na jua mara ya mwisho. Miaka hiyo ni ya kale kuliko watu wa namna yetu. Mti wetu tukiuacha nje, mchwa hawaupi hata misimu mitatu. Ule ulihifadhika kwa kuwa ulikaa katika udongo uliolowa maji sikuzote, hewa isiufikie. Mtoto mmoja darasani alituuliza kama hao nao walikuwa na fundi seremala. Tulicheka, lakini kwa kweli hilo ndilo swali hasa, wala hatujui kama tulilijibu vema.

Sasa habari ya mwaka jana. Tulikuwa na watoto 27 na watu wazima watatu. Dereva wa basi dogo tulipatana naye kwa maneno tu, aje saa kumi na moja alfajiri. Alifika saa tatu. Chakula kilipikwa usiku, kikasahauliwa jikoni katika haraka ya kupanda gari, na mpishi aliyekisahau ni sisi wenyewe. Tulifika pale saa saba mchana, jua kali, watoto wana njaa, na kila mtu moyoni akihesabu saa za kurudi kabla ya giza. Mlango wa gari ulipofunguliwa walitoka kama mbuzi waliofungiwa siku mbili. Tulikuwa tumewahesabu asubuhi, hatukuwahesabu tena. Tulipokuja kuwahesabu walikuwa 26.

Hatutaeleza sana dakika zile. Mlinzi wa hifadhi ndiye aliyemwona. Mvulana wa miaka tisa alikuwa amelala kifudifudi juu ya mwamba, kichwa chake kimepita ukingo, akiwatazama kongoti, ndege wale wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, ambao hujenga viota vyao katika kuta za bonde wakati wa kiangazi. Alikuwa akiwahesabu. Mlinzi hakumwita kwa sauti, alimwendea taratibu akamshika miguu. Tuliporudi hatukuwaambia wazazi. Tulisema safari ilikuwa njema. Mtoto alimwambia mama yake siku ya tatu, kwa furaha, kana kwamba ni sehemu iliyo nzuri kuliko zote.

Basi mwaka huu tumepanga hivi, na mwenye kutaka kupeleka jamaa yake au shule yake aweza kuchukua lililo jema.

Wakati unaofaa ni mwisho wa masika, Mei na Juni, mto ungali na maji ya mvua na barabara imekwisha kukauka. Ukingoja hadi Oktoba utakuta maji yamepungua sana. Ukienda katikati ya mvua, njia ya udongo yaweza kukulaza porini. Sisi tumechagua Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Juni, ili Jumapili tuwe nyumbani kwa Misa. Asubuhi za Juni Ufipa zauma kwa baridi, nanyi mwajua. Kila mtoto na avae sweta, na chini yake nguo nyepesi, maana tukishuka kuelekea ziwani joto huongezeka. Viatu viwe vya kufunga. Kandambili hatutazipokea garini.

Njia ni barabara ya lami iendayo Kasanga, kupitia Matai, ambapo tutasimama watoto wajisaidie. Baadaye twaiacha lami na kushika njia ya udongo hata kijiji cha Kapozwa. Kwa dereva, safari hii tumeandikiana karatasi: saa ya kufika, saa ya kurudi, idadi ya viti, na nusu ya malipo ibaki mkononi mwetu mpaka watoto wote washuke nyumbani. Alinung'unika kidogo, akatia sahihi. Kiingilio twakiuliza mapema katika ofisi ya misitu, kwa kuwa hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, wala si fedha ya kumpa mtu mlangoni. Watu wazima wachukue vitambulisho, kwa maana raia na mgeni hawalipi sawa.

Chakula kiwe cha kushikwa mkononi: viazi vitamu, mahindi ya kuchemsha, mayai, karanga, na uji katika chupa za chai. Ugali upoao ni adhabu. Maji ya kunywa yatoke nyumbani, na hakuna atakayeoga mtoni, hata mguu mmoja. Juu kuna mkondo na chini hatukujui. Ng'ambo ni nchi ya watu, hatuvuki kwa mchezo. Ipo pia ngazi ndefu ya kushukia bondeni. Tumekata shauri wadogo wasishuke kabisa, maana kushuka ni mchezo na kupanda ni kazi, na mtu mzima hawezi kubeba watoto wawili.

Lakini jambo kubwa ni kuhesabu. Kila mtu mzima atakuwa na watoto watano, nao ni wake tangu kupanda gari hata kushuka. Awajue majina, awahesabu kila wanaposimama. Hakuna atakayekaribia ukingo ila kwa kundi lake, wameshikana mikono, na mlinzi wa hifadhi akiwa mbele. Kwa hesabu hiyo tulihitaji watu wazima sita, na hapo ndipo ilipotubidi kuwaita wazazi.

Walikuja wengi. Tulisimama tukasema yote ya mwaka jana, na kwamba tuliwaficha. Baba mmoja alisema yamekwisha, tusiyarudie. Ndipo akasimama mama yake yule mvulana. Hakupaza sauti. Alisema: "Katekista, wenzangu wana watoto sita, saba. Mimi ninaye huyu. Ulinitazama usoni siku ile ukaniambia safari njema." Tukamwambia, "Kweli, mama, tulisema hivyo, nasi tulikosa." Akaendelea kusimama. Watu wakaanza kukohoa. Tulikuwa tumeandaa maneno mengi ya kumtuliza, lakini kila neno tulilolishika lilionekana kuwa ni la kujitetea, tukayaacha.

Mwishowe akauliza orodha ya majina iko kwa nani. Tukamwambia iko kwetu. "Mwaka jana nayo ilikuwa kwako," akasema, "nipe mimi." Tukampa. Akauliza pia kama yule mlinzi bado yupo kazini, kwa sababu ana kuku wa kumpelekea. Tukamwambia tutauliza.

Orodha hiyo ameirudisha juzi, ameiandika upya kwa mwandiko mzuri kuliko wetu, makundi sita ya watoto watano watano, na jina lake mwenyewe juu ya kundi la kwanza. Majina yote yameandikwa kwa wino. La mwanawe ameliweka mwisho kabisa, kwa kalamu ya risasi. Tutaondoka Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, mbele ya kanisa.