Kabla hamjaita tipa, pimeni bodi yake

Vijana wenzangu, na ninyi wakubwa wa mashirika mnaosoma hapa kimya kimya bila kuandika kitu (tunawajua), leo nataka kuongea juu ya tipa. Ndiyo, lile lori la kumwaga udongo. Kwetu Kongo tulizoea kuiita benne, hapa Uganda kila mtu anasema tipa. Najua kuna watakaocheka, watasema huyu kakosa cha kuandika. Wacheke tu. Lakini mtu akipita leo hapa Nakivale kwenye kiwanja chetu cha vijana, atakuta lundo la kifusi bado liko pale pale, na pesa ya kuliondoa ilishaisha tangu mwezi wa kumi na moja.

Niwaeleze ilivyokuwa. Shirika moja lilitupa pesa kidogo ya kusafisha kiwanja ili tuweke uwanja wa mpira na kibanda cha kufundishia. Pale palikuwa na nyumba tatu za udongo zilizoanguka, mawe ya msingi, takataka za miaka, na kichuguu kimoja kikubwa kuliko nyumba zote tatu. Wazee walituambia kichuguu kile ndicho kigumu, tusione nyumba. Hatukuwasikiliza.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutafuta gari. Nikampata dalali, akanitumia picha kwenye simu: lori refu, safi, bodi ya chuma, kuta ndefu. Akasema, "Kaka, hii kazi ni tripu nane tu, siku moja mnamaliza." Nikaona bei inaingia kwenye bajeti, nikamtumia nusu ya pesa ya mafuta, maana gari lilikuwa linatoka Mbarara. Hakuna karatasi tuliyoandika, wala sikuuliza namba ya gari.

Asubuhi likaja lori lingine kabisa, dogo, limechoka. Nilipomuuliza dereva, akanijibu kwa upole, "Ssebo, tripu ni tripu."

Hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu naandika. Neno tripu si kipimo. Ni safari tu. Baada ya mambo kuharibika nilikwenda na tepu ya kupimia, nikapima bodi ya lile lori: urefu mita 3.1, upana mita 1.7, kimo cha ukuta mita 0.4. Zidisha, unapata kama mita za ujazo 2.1. Lile la kwenye picha, kwa jinsi fundi mmoja alivyonielekeza, malori ya aina yake huwa na kama mita 4.2 kwa 2.1 kwa 0.6, maana yake kama 5.3. Lundo letu lilikuwa karibu mita 40 za ujazo. Kwa lori la picha ni tripu nane kweli, dalali hakudanganya hesabu. Kwa lori lililokuja ni tripu 19. Tulilipia nane. Hesabu ya darasa la sita, na mimi nimemaliza sekondari!

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyetuambia. Udongo ukichimbwa unavimba. Kichuguu kilivyosimama kilikuwa kimeshikana kama tofali. Ukikivunja kwa sururu na kukitupa juu ya lori, kinaongezeka kwa robo, pengine hata theluthi, kwa sababu hewa imeingia katikati ya mabonge. Ukipima kitu kikiwa kimesimama, usipange tripu kwa kipimo hicho hicho. Ongeza.

Halafu uzito. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja, hilo tulifundishwa. Udongo mkavu uliovunjwa ni zaidi ya hapo, tani moja na nusu au karibu, na ukilowa ni zaidi tena. Kwa hiyo lori la tani tatu likijazwa udongo hadi ukingo limeshafika mwisho wake, hata kama kwa macho linaonekana lina nafasi. Likijazwa nyasi na plastiki linaweza kupandishwa kama mlima na lisiumie. Dereva anajua hilo. Ndiyo maana alitaka tuanze na takataka, na sisi tukafurahi kuona lori linajaa haraka. Tripu mbili za kwanza tulibeba plastiki na nyasi ambazo tungeweza kuzisogeza kwa toroli.

Sasa nije kwenye kupakia, kwa sababu hapa ndipo roho inaniuma.

Lori lililipwa. Dereva alilipwa, tanboi wake alilipwa, dalali alikula cha kwake. Sisi kumi na mmoja tulioshika beleshi tulipewa soda na chapati mbili mbili. Kwenye karatasi ya mradi tuliandikwa "vijana wa kujitolea". Mimi najitolea tangu nina miaka kumi na tisa, silalamikii kujitolea. Nafundisha watoto kusoma, natafsiri kwa wagonjwa, natembea nyumba kwa nyumba wakati wa kuhesabu watu. Lakini kupakia tani tatu za udongo kwa mikono, mara nne, kwenye jua, ni kibarua. Nje ya kambi mtu akiita vijana wapakie lori lake anawalipa kwa tripu, tena kabla lori halijaondoka, la sivyo hawaliachii. Kwa nini tukiwa ndani ya kambi kazi ile ile inabadilika jina? Kama bajeti ina pesa ya magurudumu na haina pesa ya mikono, aliyeandika bajeti hajawahi kushika beleshi.

Kilichotokea tripu ya sita ni hiki. Ilikuwa imenyesha tangu saa saba. Udongo wa kichuguu ukilowa unashika kama gundi. Lori lilifika mahali pa kumwaga, dereva akainua bodi, mzigo ukamwagika nusu na nusu nyingine ikabaki imeng'ang'ania juu. Akaita mtu apande akaukwangue kwa beleshi bodi ikiwa imeinuliwa vile vile. Mimi nilikuwa pale. Nikamwambia rafiki yangu, aliye mwepesi kuliko wote, "Panda wewe, tumalize, giza linaingia." Akapanda. Akagusa mara mbili, mzigo wote ukateleza kwa mara moja, yeye pamoja nao, akatua chini mkono ukiwa chini ya bonge. Mkono ulivunjika juu kidogo ya kiganja. Angekuwa ametanguliza kichwa, makala hii ingekuwa ya msiba.

Nimeambiwa baadaye na dereva mwingine, mzee mwenye kazi hii miaka mingi, mambo ambayo kumbe kila anayefanya nayo anayajua. Bodi ikiwa juu, hakuna mtu anayepanda, hakuna anayesimama nyuma, na hakuna anayeingia chini yake hata kuokota kitu. Mzigo ukishika, bodi inashushwa kwanza, ndipo watu wanaupunguza kwa beleshi kutokea pembeni. Lori linamwaga likiwa mahali pa usawa, maana likiwa limeinama upande mmoja na mzigo ukashika upande huo huo, lori zima linaweza kulala. Kabla ya kuinua, dereva anatazama juu kama kuna waya wa umeme. Na udongo wa mvua haupakiwi hadi ukingo. Mambo ya kusema kwa dakika tano asubuhi, kabla ya kuanza. Hakuna aliyeyasema, na mimi mwenye kazi ya kusimamia sikujua kuyauliza.

Rafiki yangu alipelekwa kutibiwa. Gharama ya usafiri tulichanga wenyewe kwenye kundi. Tulipouliza kwenye mradi, jibu likawa kwamba yule ni wa kujitolea, si mfanyakazi. Sitataja shirika, sitaki ugomvi, na kijana aliyetujibu naye alikuwa anajibu alichoambiwa ajibu. Lakini nawauliza ninyi mnaosoma: mtu akiwa hana mkataba, mfupa wake unavunjika tofauti?

Kazi ilisimama hapo. Dereva akadai pesa ya tripu zote nane kwa sababu siku yake ilikuwa imeisha, na dalali akasema mbili zilizobaki watazirudisha "siku nyingine". Mpaka leo simu yake inaita tu.

Tukiongelea mahali pa kumwaga, na hapo pia tulifanya ovyo. Tulikubaliana na bwana mmoja amwagiwe kwenye korongo lililo karibu na shamba lake, alitaka kuzuia maji yasimle ardhi. Wazo zuri. Ila hatukwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, wala hatukutazama korongo linaelekea wapi. Linaelekea kwenye bustani za akina mama bondeni. Mvua ya wiki iliyofuata ilibeba kifusi chetu pamoja na plastiki za tripu zile mbili za kwanza, ikavilaza juu ya maharage ya watu. Tulikwenda kuokota plastiki siku mbili. Mama mmoja alituambia, "Watoto wangu, mmehamisha takataka yenu mkaileta kwangu," akaendelea kupalilia. Angetutukana ingekuwa nafuu.

Kwa hiyo udongo na plastiki visipakiwe pamoja. Udongo safi una wenyewe: kuna wanaojaza mashimo ya barabara, kuna wanaoinua sakafu ya nyumba, na udongo wa kichuguu mafundi wa matofali wanaugombania. Tungetangaza tu kwenye kundi hili wiki moja kabla, nusu ya kile kichuguu ingeondoka kwa toroli na baiskeli za watu, bure. Tulilipa kukitupa kitu ambacho watu walikuwa wanakitafuta.

Na lori linalotoka Mbarara lisije tupu. Tulilipia mafuta ya kuja bila kitu, na wiki mbili baadaye jirani yetu alilipia lori jingine kumletea mchanga, likarudi bila kitu. Tungekuwa tunaongea, ingekuwa safari moja, na mafuta tungegawana.

Sasa niwaambie wakubwa wa mashirika jambo moja ambalo halimhusu dereva wala dalali. Pesa hizi ndogo ndogo za miradi mara nyingi zinatufikia mwisho wa mwaka, na masharti ni kwamba ziishe kabla ya tarehe 31 Desemba. Angalieni mvua za huku. Kuanzia mwezi wa tisa hadi wa kumi na mbili ni mvua. Barabara ya maramu inakuwa uji, lori linakwama, udongo unashika bodi, na vijana wanaharakishwa ili ripoti iende. Kazi ile ile ikifanywa mwezi wa sita au wa saba, ardhi ikiwa kavu, ingekuwa nyepesi na hatari ingepungua. Mwezi wa saba tuliomba. Tukaambiwa tusubiri.

Kuna wenzangu wanasema tuachane na malori kabisa, tufanye kwa toroli, tulijenga kambi hii kwa mikono. Nawaelewa. Goma watu wanabeba mizigo ya ajabu kwa chukudu, mbao tupu na magurudumu mawili. Lakini toroli inabeba kama lita 60. Mita 40 za ujazo ni zaidi ya toroli 600, na mahali pa kumwaga si hapa jirani. Tipa tunaihitaji. Ninachokataa ni kuiita kama tulivyoiita mimi na dalali, kwa picha ya simu na neno tripu.

Safari hii nimeandika karatasi, haina hata ukurasa mzima. Ina namba ya gari. Ina vipimo vya bodi, vinavyochukuliwa lori likifika na kabla halijapakiwa, na likija dogo bei inashuka au linarudi. Malipo yanafuata mita za ujazo zilizoondoka. Mahali pa kumwaga pametajwa, na mwenyekiti ametia sahihi. Wapakiaji wana mstari wao wa pesa, na juu ya mstari huo nimeandika pesa ya matibabu kama mtu ataumia. Afisa mmoja aliyeisoma aliniambia mstari wa mwisho "utaleta maswali". Nimeuacha.

Rafiki yangu mkono umeunga, ila hauzunguki vizuri. Ufunguo wa kufuli anaugeuza kwa mkono wa kushoto. Yeye ndiye aliyesoma karatasi hiyo kabla yenu, akaniambia niongeze neno moja: kwamba msimamizi wa siku hiyo ndiye atakayejibu mtu akipandishwa kwenye bodi iliyoinuliwa. Nikaongeza, na jina la msimamizi ni langu.

Jumamosi saa tatu tunakutana pale pale kwenye lundo. Mwenye toroli aje nayo tuanze kutenga plastiki, na anayetaka udongo wa kichuguu aje na gunia.