Ukitaka habari za Myahudi, mwite Myahudi

Jumapili ya leo nataka tuzungumze juu ya wageni wanaoalikwa shuleni kuwahutubia watoto wetu, na hasa mgeni mmoja ambaye ni nadra sana kualikwa.

Muhula uliopita binti yangu, ambaye ni mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni, alikuja nyumbani kwa mapumziko mafupi akiwa amenuna. Chama chao cha historia kilikuwa kimetangaza mhadhara juu ya Wayahudi na Afrika Mashariki. Wanafunzi wakajaa bwaloni, wengine wakasimama madirishani. Mgeni aliyefika alikuwa mhubiri ambaye aliwahi kuzuru Yerusalemu kwa siku nane. Alikuja na pembe ya kondoo akaipuliza, watoto wakashangilia, kisha kwa muda wa saa nzima akawaeleza habari za Musa, Daudi na siku za mwisho. Binti yangu alipoinua mkono na kuuliza kama kuna Wayahudi hapa Kenya, mgeni alicheka akasema, "La, binti yangu, wao wako kwao."

"Sasa mama," akaniuliza, "lile jengo tunalolipita tukienda mjini si lao?"

Ni lao. Wewe msomaji unayesafiri kwa matatu kutoka Westlands kuelekea katikati ya jiji, huenda umelipita mara elfu. Liko pale University Way inapokutana na Uhuru Highway, mkabala na Chuo Kikuu cha Nairobi, limejificha nyuma ya ua na miti. Hilo ni sinagogi la Nairobi. Jumuiya ya Wayahudi wa jiji hili iliundwa mwaka wa 1904, wakati Nairobi yenyewe ilikuwa mahema, mabati na matope. Jiwe la msingi la sinagogi lao la kwanza liliwekwa mwaka wa 1912, na jengo lililopo ni la mwaka wa 1955. Makanisa mengi tunayoyaita ya zamani yalijengwa baadaye.

Simlaumu sana yule mhubiri, kwani alisema anachokijua. Wa kulaumiwa ni sisi wazazi na walimu tunaodhani kwamba mtu akiijua Biblia basi anawajua Wayahudi. Hebu fikiria shule ya Ulaya inayotaka kujifunza habari za watu wa Lamu, halafu inamwita mtalii aliyekaa hotelini Shela wiki moja! Tungecheka hadi tushike mbavu. Lakini sisi hufanya hivyo hivyo, tena huwashukuru wageni wetu kwa makofi ya kilo.

Mgeni aliye Myahudi wa hapa petu ana mengi ya kusimulia ambayo mhubiri hayajui. Nitakutajia machache tu ili uone tunakosa nini.

Wengi wetu tumesikia kijuujuu kwamba Waingereza walitaka kuwapa Wayahudi "Uganda". Ardhi yenyewe haikuwa ile tunayoiita Uganda siku hizi. Ilikuwa Uasin Gishu, ambako ndiko kuliko Eldoret. Jina la Uganda lilibakia midomoni kwa sababu hadi mwaka wa 1902 sehemu hiyo ilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alikuwa amezuru huku na kuipanda reli mpya. Mwaka wa 1903 alimpendekezea Theodor Herzl, kiongozi wa vuguvugu la Wayahudi waliotafuta nchi yao. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, Wayahudi walikuwa wameuawa kikatili katika mji wa Kishinev, uliokuwa chini ya Urusi, na watu wao walihitaji mahali pa kukimbilia. Katika mkutano wao mkuu mjini Basel mwezi wa Agosti, wajumbe 295 walikubali tume itumwe kuikagua nchi hiyo, na 178 wakakataa. Wajumbe kutoka Urusi, ambao watu wao ndio walikuwa wakiumia, ndio hasa waliokataa. Wengine walilia machozi ukumbini.

Mapema mwaka wa 1905 wakaguzi watatu walitua Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakaenda kwa miguu na wapagazi hadi kule nyanda za juu. Taarifa yao haikuwa ya kutia moyo. Walowezi wazungu nao, wakiongozwa na Lord Delamere, walikuwa wamekwisha kupiga kelele magazetini wakisema hawataki Wayahudi. Katikati ya mwaka wa 1905 mkutano wa Basel ulikataa zawadi hiyo, na miaka michache baadaye, mwaka wa 1908, Makaburu kutoka Afrika Kusini ndio waliofika huko na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe.

Je, umeona ni nani ambaye hakutajwa katika hadithi hiyo yote? Wanandi. Chamberlain hakuwauliza, mkutano wa Basel haukuwauliza, na Delamere ndiye kabisa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wa 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipigwa risasi na afisa wa Kiingereza aliyemwita kwa mazungumzo ya amani. Kwa hiyo, kama ningekuwa mlezi wa chama cha historia, ningewaalika wageni wawili siku moja: Myahudi aeleze kwa nini watu wake walikuwa wakitafuta ardhi, na mzee wa Kinandi aeleze ardhi hiyo ilikuwa ya nani. Watoto wakae katikati wasikilize. Somo hilo halimo katika kitabu chochote cha kidato cha tatu nilichowahi kumnunulia mtoto wangu.

Wako Wayahudi waliokuja huku hata bila kungojea uamuzi wa Basel. Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania, alifika kutoka Afrika Kusini mwaka wa 1903 akiwa hana kitu. Mwaka wa 1927 aliinunua hoteli ya Norfolk, na baadaye jamaa yake ikaimiliki New Stanley pia. Israel Somen alikuwa Meya wa Nairobi katika miaka ya 1950.

Wengine walikuja wakikimbia kifo. Stefanie Zweig aliletwa mwaka wa 1938 akiwa mtoto mdogo, kwani baba yake, wakili, alikuwa amefukuzwa katika kazi yake huko Ujerumani kwa sababu tu ni Myahudi. Wakili huyo akawa msimamizi wa mashamba ya wazungu wengine huko Rongai na Ol Joro Orok, hajui ng'ombe wala pareto. Vita vilipoanza mwaka wa 1939, serikali ya kikoloni iliwakamata wanaume wote wa Kijerumani kama maadui, na Wayahudi waliomkimbia Hitler wakatiwa kizuizini pamoja na wale waliomshangilia! Zweig alirudi Ujerumani mwaka wa 1947, na kitabu chake cha maisha ya huku, "Nirgendwo in Afrika", kilitoka mwaka wa 1995. Filamu iliyotokana nacho ilipata tuzo ya Oscar mwaka wa 2003. Itafute muitazame kwa pamoja nyumbani, kwa sababu Kiswahili kinazungumzwa humo tele, na mpishi Owuor ameigizwa na Mkenya mwenzetu, Sidede Onyulo.

Halafu kuna Gilgil. Ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba kati ya mwaka wa 1947 na 1948 Waingereza waliwafungia hapo Wayahudi waliokuwa wakiwapiga vita huko Palestina? Mmoja wao, Meir Shamgar, alisoma sheria kwa njia ya posta akiwa kizuizini, na baadaye akawa rais wa Mahakama Kuu ya Israel. Walioishi Kenya wakati wa Hali ya Hatari wataitambua hadithi hii upesi, kwani waya wa seng'enge ulikuwa ule ule na askari walikuwa wale wale.

Tena usidhani kwamba Myahudi lazima awe mzungu. Karibu na Mbale, nchini Uganda, wako Waabayudaya. Jemadari wa Kiganda, Semei Kakungulu, baada ya kuchoshwa na Waingereza aliokuwa amewatumikia, alijitahiri mwaka wa 1919 akaamua kuifuata Torati. Husimuliwa kwamba alipoambiwa kwamba tohara ni mambo ya Wayahudi, alijibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970, wengi wakabadili dini na waliobaki wakasali kwa siri. Kiongozi wao, Gershom Sizomu, alisomea urabi Marekani akahitimu mwaka wa 2008, na mwaka wa 2016 akachaguliwa kuwa mbunge. Zaburi wanaziimba kwa Kiganda. Hata hapa Kenya, huko Kasuku katika Nyandarua, ziko jamaa chache za Wakikuyu wanaoshika dini hiyo. Shule zilizo Bungoma au Busia ziko karibu na Mbale kuliko Nairobi, kwa hiyo kisingizio cha nauli hakipo.

Sasa tuje kwenye mwaliko wenyewe, kwani ndipo shule nyingi hukosea. Kosa la kwanza ni siku. Vyama vingi vya shule za bweni hukutana Jumamosi. Myahudi anayeshika dini yake hafanyi kazi wala hapandi gari tangu jua linapotua Ijumaa hadi usiku wa Jumamosi. Ukimwalika Jumamosi ni kama kumwalika Imamu aje kuhutubia saa saba mchana siku ya Ijumaa. Epuka pia miezi ya Septemba na Oktoba, kwani ndipo zinapoangukia sikukuu zao kubwa: Mwaka Mpya, Siku ya Upatanisho na Sikukuu ya Vibanda.

Pili ni chakula. Najua tunavyopenda kumwekea mgeni sahani ya nyama. Wayahudi wana masharti yao ya chakula, nguruwe hawamgusi, na nyama haichanganywi na maziwa. Muulize mapema. Matunda na soda havijawahi kumwudhi mgeni. Wengine, wanaume kwa wanawake, hawapeani mikono na mtu wa jinsia nyingine, kwa hiyo msichana aliyeteuliwa kumpokea mgeni asivunjike moyo mkono wake ukibaki hewani.

Ikiwa ni ninyi mtakaoenda kwao, andikeni barua mapema yenye majina ya wanafunzi na ya mwalimu. Msifike langoni na basi la watoto sitini mkitarajia kufunguliwa. Ulinzi ni mkali, nao wana sababu. Hoteli ya Norfolk ililipuliwa kwa bomu usiku wa Desemba 31, mwaka wa 1980, na waliokufa walikuwa watu wa kila namna.

Nimeacha jambo gumu liwe la mwisho. Katika shule nyingi za Nairobi kuna watoto Waislamu, na tangu vita vya Gaza vilipoanza mwezi wa Oktoba 2023, watoto wote, hata wasio Waislamu, wameona mengi kwenye runinga na simu. Bila shaka mmoja atainua mkono aulize habari za Palestina. Nimewasikia walimu wakisema ni heri mgeni asialikwe kuliko swali hilo kuulizwa. Mimi sikubaliani nao. Mwelezeni mgeni katika barua kwamba swali litakuja, na mwambieni mwanafunzi aulize kwa adabu. Lakini kabla ya siku yenyewe, mwalimu awakumbushe wanafunzi kwamba mama aliyezaliwa Nairobi na kusomea Nairobi si balozi wa Israel. Hakupiga kura huko, sawa na vile kijana Mwislamu wa Eastleigh hapaswi kujibu kwa kila linalotendwa na serikali za Uarabuni. Mgeni akitaka kujibu, ajibu. Akisema hapendi kulizungumzia, hilo nalo ni jibu, na liheshimiwe.

Kuna pia wale watakaouliza kama kabila lao ndilo lile lililopotea la Israeli. Hawa hawakosekani, na mgeni mzoefu anajua jinsi ya kuwapitisha polepole.

La haraka ni hili: Wayahudi wa Kenya walikuwa zaidi ya elfu moja katika miaka ya 1950, nao wamebaki mia kadhaa tu. Wanaokumbuka miaka ya vita wamezeeka mno, na wapishi, wayaya na vibarua walioishi nao mashambani wamezeeka vile vile. Hao nao wanafaa kualikwa. Mzee aliyefanya kazi jikoni mwa wakimbizi huko Molo au Nakuru ana historia ambayo hakuna profesa atakayeipata maktabani.

Binti yangu na wenzake wameandika barua yao ya kwanza. Niliisoma kabla hawajaipeleka kwa mwalimu mkuu kutiwa sahihi. Walikuwa wameandika Jumamosi. Nikawaonyesha, wakafuta, wakaandika Jumatano saa kumi, na chini yake wakaongeza kwa mwandiko mdogo: "Tafadhali tujulishe unachokula."